Kuzaliwa Siku ya Mauti

"Mamdogo, wewe umezaliwa tarehe ngapi?"

Binti wa dada yangu alikuwa kajilaza mkekani, simu mkononi, ameingia kwenye tovuti moja inayokupa ishara yako katika kalenda takatifu ya Waazteki. Nikamtajia tarehe. Akabonyeza, akasoma kwa sauti: Sungura. Mtu wa watu, mbunifu, mwenye bahati. Tukafurahi. Kisha akaingiza tarehe yake mwenyewe, na sauti ikakatika.

Kwenye kioo cha simu palikuwa na fuvu la kichwa, jeupe, meno yote nje. Chini yake neno moja: Mauti. Maelezo yaliyofuata yalikuwa matamu kama ya kwangu, eti mtu wa Mauti ni mtu wa mageuzi, haogopi kuanza upya. Lakini macho yake hayakutoka kwenye lile fuvu.

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa siku ya kufa?"

Nilimjibu harakaharaka, kama watu wazima tunavyowajibu watoto, kwamba hayo ni mambo ya watu wa kale wa Meksiko na hayamhusu. Yeye akaendelea na mengine. Mimi ndiye niliyebaki na swali. Nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala, kwa wiki kadhaa lilinirudia: mama wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, aliyejifungua siku ya fuvu aliambiwa nini? Na nani? Na usiku ule, alipata usingizi?

## Nusu ya siku

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba ile tovuti ilikuwa imeitupa nusu ya siku.

Kalenda takatifu, ambayo wenyewe waliiita tonalpohualli, ina siku 260. Ishara ni 20: Mamba, Upepo, Nyumba, Mjusi, Nyoka, Mauti, Paa, Sungura, Maji, Mbwa, Tumbili, Nyasi, Tete, Chui, Tai, Tumbusi, Mtikisiko, Gumegume, Mvua na Ua. Lakini ishara haitembei peke yake. Inaongozana na namba, na namba zinaishia 13. Siku ya kwanza ni Mamba Moja, inafuata Upepo Mbili, Nyumba Tatu, hadi Tete Kumi na Tatu. Hapo namba zinaanza upya huku ishara zikisonga mbele: Chui Moja, Tai Mbili. Ishara zikiishia kwenye Ua Saba, Mamba anarudi, ila safari hii ni Mamba Nane. Hadi Mamba Moja iingie tena, siku 260 zimetimia.

Kwa hiyo mtu hazaliwi siku ya Mauti tu. Siku za Mauti ziko 13, na hazifanani.

Wala namba si mwisho wa maneno. Kila kundi la siku 13 lina mungu wake anayelitawala, na kila usiku una bwana wake kati ya mabwana 9 wanaopokezana. Juu ya hiyo kuna kalenda nyingine ya siku 365, ya kilimo na sikukuu, inayokwenda sambamba na hii. Siku moja ya Mwazteki ilikuwa na wenyewe wengi.

## Ukurasa mmoja

Kitabu cha siku kiliitwa tonalamatl. Vilivyosalia ni vichache mno. Kimoja, Codex Borbonicus, kiko Paris, katika maktaba ya Bunge la Ufaransa: karatasi ya gome la mti, ndefu, iliyokunjwa mkunjo juu ya mkunjo. Kila kundi la siku 13 limepewa ukurasa wake. Kurasa 2 za mwanzo zimepotea, zimebaki 18.

Nimekaa sana kwenye ukurasa wa kundi linaloanza na Mtikisiko Moja. Juu kushoto, mchoro mkubwa: mungu wa kike Tlazolteotl amechuchumaa, anajifungua. Amevaa ngozi ya binadamu juu ya ngozi yake mwenyewe. Mtoto anachomoza. Kando na chini ya picha hiyo kuna visanduku vidogo vilivyopangwa kwa safu, na ndani yake mna ishara ya siku, namba yake iliyoandikwa kwa nukta nyekundu, bwana wa usiku, na ndege.

Tlazolteotl ni mungu wa tamaa na wa uchafu, na ndiye huyohuyo aliyepokea maungamo na kuuondoa uchafu huo. Mtu aliyetaka kuungama alianza kwa mwaguzi wa siku, tonalpouhqui, ambaye alikifungua kitabu na kumtafutia siku ya kufaa. Hata toba ilikuwa na siku yake.

Ninapoutazama ukurasa ule sioni pa kutoa hukumu ya sentensi moja. Mungu anayelitawala kundi anaweza kuvuta huku, namba ikavuta kule, na bwana wa usiku akawa na lake. Lazima awepo mtu wa kuyapima yote hayo, mtu aliyesomea. Ndiyo maana nadhani swali la "siku hii ina maana gani" halikuulizwa kitabu. Aliulizwa mtu, kitabu kikiwa mbele yake.

## Sungura wangu

Kitabu bila mtu ndicho tulichobakiwa nacho. Basi nikamwendea shahidi mkubwa wa mambo haya, Bernardino de Sahagún, mtawa Mfransisko aliyefika Meksiko mwaka 1529. Kwa miaka mingi alifanya kazi na wasomi Wanahua, yaani wenyeji wanaosema Kinahuatl, lugha ya Waazteki, waliolelewa katika chuo cha Santa Cruz cha Tlatelolco, akiwemo Antonio Valeriano. Wakaandika kazi ya vitabu 12, Kinahuatl upande mmoja na Kihispania upande mwingine. Nakala yake mashuhuri iko Florence, na tangu 2023 imewekwa mtandaoni yote, picha na maneno, yeyote anaweza kuifungua. Kitabu cha 4 ni cha siku na bahati za wanaozaliwa humo.

Nilianza na Sungura, kwa kuwa ndiye wangu.

Sungura Mbili ni siku ya walevi. Aliyezaliwa humo, wanasema, hatakuwa na kazi nyingine ila kunywa. Ataamka akiulizia pombe. Ataiuza nguo aliyovaa. Halafu wasimulizi wanaanza kuwataja walevi mmoja mmoja, na hapo unajua kwamba waliwaona kwa macho. Yuko anayelala kimya bila kumsumbua mtu. Yuko anayelia. Yuko anayeimba. Yuko anayejigamba kuwa ni tajiri na hakuna wa kumgusa. Yuko anayemshuku mkewe, akisikia watu wanacheka anaamini wanamcheka yeye. Miungu ya pombe iliitwa Sungura Mia Nne, na kila mlevi alikuwa na sungura wake. Pombe yenyewe ilitengenezwa kwa utomvu wa mmea ulio ndugu wa mkonge, ule mkonge wa Tanga ulioingizwa kwetu mwaka 1893 na ambao kwao hasa ni Meksiko.

Mtu wa watu, mbunifu, mwenye bahati!

Nikatazama siku jirani. Inayotangulia Sungura Mbili ni Paa Moja, siku njema. Akizaliwa mtoto wa kabaila atatawala, akizaliwa wa mtu wa kawaida atafanikiwa. Ila atakuwa mwoga, radi ikipiga moyo utamruka. Siku mbili baada ya Sungura inakuja Mbwa Nne, na mtu wa siku hiyo atastawi kwa kufuga mbwa na kuwauza sokoni. Mbwa wake watazaana tu. Kwa hiyo mtawala, mlevi na mfuga mbwa wametenganishwa na siku chache tu, chini ya mungu mmoja wa kundi.

Nezahualcoyotl, mtawala wa Texcoco, mji jirani wa Tenochtitlan, alizaliwa mwaka 1402, na inasimuliwa kwamba siku yake ilikuwa Paa Moja. Mwaka 1418 Watepaneki, watu wa mji wa Azcapotzalco, walimuua baba yake, naye kijana akiwa amejificha juu ya mti, akishuhudia. Akaishi miaka akikimbia na kujificha. Mwaka 1428 alikuwa miongoni mwa walioiangusha Azcapotzalco, kisha akatawala hadi kifo chake mwaka 1472. Je, siku ilisema kweli? Alitawala, ndiyo. Alikimbia, ndiyo. Lakini ukimwita mwoga mtu aliyeishi maisha yale, mimi siwezi kukuelewa.

## Chui Moja

Kilichoniumiza zaidi ni Chui Moja.

Mwanamume aliyezaliwa siku hiyo, wanasema, atatekwa vitani. Mwanamke ataishia pabaya kwa sababu ya uzinzi. Nilisoma sehemu hiyo usiku nikaifunga kompyuta. Nilimfikiria mkunga anayemtoa mtoto wa kike, mzima, analia vizuri, halafu mtu anahesabu vidole na kusema: Chui Moja.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi kalenda hii ilikuwa ukatili uliopangwa kwa hesabu. Nilikaa na wazo hilo kwa siku kadhaa na sikulipenda, lakini maandishi yalionekana kulisema waziwazi.

Niliporudi kusoma, nilisoma mpaka mwisho wa sura.

Na mwishoni mna "lakini". Aliyezaliwa Chui Moja anaweza kujinusuru. Afunge. Ajichome miiba na kutoa damu yake kwa miungu. Asiwe mtu wa kulala sana. Afagie. Asikilize anaposhauriwa. Nikarudi kwenye zile siku njema nilizozipita haraka, nikaikuta "lakini" nyingine imesimama upande wa pili wa mlango: aliyezaliwa siku njema, akiwa mvivu, mwenye kiburi, asiyefunga wala kutubu, ataipoteza bahati yake yote. Ua Moja inaahidi furaha na ufundi wa mikono. Akijivuna, inaharibika. Ua Saba ni siku ya wachoraji na wanawake wanaodarizi, na wadarizi hao waliifungia. Anayeivunja saumu huigeuza siku iwe aibu yake.

Sikutegemea hili. Nilidhani nitakuta orodha ya hatima. Nilichokuta ni kama deni ambalo kila mtu anazaliwa nalo, kubwa au dogo, na maisha yote ni kulipa au kutolipa.

## Saa ngapi?

Halafu nikafika Kitabu cha 6 cha Sahagún, mahali panapoelezwa siku yenyewe mwaguzi anapoitwa nyumbani.

Anafika. Kabla ya kufungua kitabu anauliza: mtoto amezaliwa saa ngapi? Ikiwa ni kabla ya usiku wa manane, anahesabiwa siku iliyokuwa ikiisha. Ikiwa ni baada yake, siku inayoingia. Na akizaliwa katikati hasa, usiku ukiwa umegawanyika, anapewa siku zote mbili.

Nilisoma hapo mara nyingi kuliko popote. Saa hawakuwa nazo ukutani. Nani angejua kwa hakika usiku wa manane umepita au bado? Mkunga, mama, bibi aliyekuwa akichochea moto. Jibu lao ndilo lililoamua kitabu kifunguliwe wapi. Siwezi kuthibitisha kwamba bibi yeyote aliwahi kuisogeza saa ili amwokoe mjukuu. Lakini nawajua mabibi.

Kisha mwaguzi anasoma. Siku ikiwa njema, mtoto anaogeshwa na kupewa jina mapema. Siku ikiwa mbaya, hawaishii hapo. Anatafuta ndani ya kundi lilelile la siku 13 siku iliyo bora, maana namba 7 ilipendwa, na 10 hadi 13 pia, na kuoga kunasogezwa hadi siku hiyo. Analipwa bata mzinga na vyakula, anaondoka.

Kumbe mtoto alikuwa anazaliwa mara mbili: mara moja kwa mwili, na mara ya pili kwa maji, na mara hiyo ya pili wazazi walichagua siku.

Wakati wanaisubiri siku hiyo, moto wa nyumba haukutolewa nje. Jirani akija kuomba kaa la moto alinyimwa, kwani kuutoa ilikuwa ni kuiondoa sifa ya mtoto. Siku ikifika, alfajiri, mkunga anamwogesha uani. Wa kiume anatayarishiwa ngao ndogo, upinde na mishale. Wa kike anapewa vifaa vya kusokotea uzi na ufagio. Codex Mendoza, kitabu kingine cha michoro, imeichora shughuli hii: mkunga na mtoto mikononi, beseni juu ya mkeka, na pembeni watoto watatu wa kiume wamekaa wanakula mahindi ya kukaanga na maharage. Kazi yao ni kulitangaza jina kwa sauti kubwa. Hao watoto watatu ndio walionifanya niwapende watu hawa.

## Shahidi asiyependa anachokieleza

Nina shaka moja ambayo sijaimaliza.

Sahagún hakuandika ili kalenda iishi. Aliandika ili mapadri wenzake waitambue na kuing'oa. Kwake hii haikuwa kalenda hata kidogo, ilikuwa uaguzi wa shetani usio na msingi katika nyota wala katika maumbile, na alibishana kwa ukali na mtawa aliyeitetea kuwa ni hesabu ya wakati tu. Kazi ilikamilika mnamo 1577, zaidi ya miaka 50 baada ya Tenochtitlan kuangushwa na Wahispania, tauni ikiwa inaua watu pande zote. Waliosimulia walikuwa wazee Wakristo, au waliolazimika kuonekana hivyo. Wangemwambia mtawa siku njema ilikuwa njema kiasi gani?

Huenda ulevi wa Sungura Mbili ulivimba midomoni mwa watu waliokuwa wanaona vijana wao wakimalizwa na pombe chini ya Wahispania. Huenda uzinzi wa Chui Moja umetiwa chumvi ya mahubiri. Namwamini zaidi Sahagún anapoeleza wanachofanya watu, nani anaitwa, analipwa nini, moto unawekwa wapi, kuliko anapoeleza tabia ya aliyezaliwa. Hayo ya kwanza hayakuwa na faida kwa mahubiri yake, ndiyo maana nayaona salama zaidi.

## Na Mauti?

Mauti Moja ilikuwa siku ya Tezcatlipoca, mungu anayempa mtu na kumnyang'anya apendavyo, ambaye mbele yake watu wote ni watumwa. Aliyezaliwa humo aliahidiwa heshima na mali, ilimradi amtumikie mungu wake.

Na siku hiyo ikiingia, watumwa wa nyumba walitukuzwa. Walivuliwa makongwa ya shingoni. Walioshwa vichwa, wakaogeshwa, wakabembelezwa kama watoto wapendwa wa Tezcatlipoca. Mwenye nyumba aliwaonya watu wake wote kwa ukali: asithubutu mtu kumkaripia mtumwa leo, wala kumpiga. Atakayefanya hivyo amejiitia maradhi na umaskini, na huenda yeye mwenyewe akaishia utumwani, kwa kuwa Tezcatlipoca humgeuza yeyote.

Kesho yake makongwa yalirudi shingoni, na hilo silisahau. Lakini kwa mtumwa aliyekuwa akihesabu siku 260 kidole kwa kidole, lile fuvu lilikuwa na maana ambayo hakuna tovuti itakayokupa. Hii nilimsimulia binti yetu, yote, pamoja na makongwa.

## Nyoka Moja

Wafanyabiashara wa masafa marefu, pochteca, waliipenda Nyoka Moja. Ndiyo siku ya njia iliyonyooka. Waliisubiri hata kama mizigo ilikwisha kufungwa. Wakikesha, wakitoa kafara zao, wakaaga, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Tenochtitlan ilianguka tarehe 13 Agosti 1521. Cuauhtemoc, mtawala wa mwisho, alikamatwa akiwa ndani ya mtumbwi ziwani. Kwa hesabu ya wenyewe siku hiyo ilikuwa Nyoka Moja, katika mwaka ulioitwa Nyumba Tatu.

Siku ya safari njema.

Nimejaribu kuwafikiria waaguzi waliokuwa bado hai jioni ile, wamekaa gizani na njaa ya kuzingirwa kwa karibu siku 80, wanajua vizuri kabisa ni siku gani. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba hawakuacha kuhesabu, kwani ndiyo sababu sisi leo tunaijua siku hiyo kwa jina lake, na tarehe hiyo ndiyo wataalamu wanayoitumia kuoanisha kalenda yao na ya Ulaya. Tovuti zinazofuata ulinganisho mwingine hukupa ishara nyingine kwa tarehe ileile ya kuzaliwa. Huenda binti yetu si Mauti hata kidogo.

Mbali kusini, kwenye milima ya Guatemala, Wamaya wa K'iche' wana hesabu hiyohiyo ya siku 260, kwa majina ya lugha yao, na hawajaiacha hadi leo. Ukiihesabu kurudi nyuma kutoka leo mpaka 13 Agosti 1521, unaangukia juu ya Nyoka Moja yao pia. Karne 5, siku haijapotea hata moja. Huko Momostenango siku ya Tumbili Nane, Wajxaqib' B'atz', ni sikukuu kubwa, na ndipo watunza siku wapya wanapopokewa. Mtunza siku huitwa ajq'ij. Mtu akimjia na shida, humwaga mbegu nyekundu za mti wa tz'ite juu ya kitambaa, akazigawa katika vifungu, akaanza kuzihesabu kwa majina ya siku, akiziita kama mtu anavyowaita mabwana zake. Anasimama, anauliza. Mwenye shida anajibu. Kisha anaendelea kuhesabu kutoka pale alipoishia.